Mikono ya Mwalimu: Iingie Kwenye Picha au Ibaki Nje?

Kila anayerekodi somo hukutana na uamuzi mmoja kabla hajatamka neno: picha ianzie wapi? Ikianzia kifuani, uso unajaa kioo na mikono inabaki nje. Ikianzia kiunoni, mikono inaingia, lakini uso unapungua na nafasi ya maandishi inabanwa. Wengi huiachia kompyuta iamue: ilivyokaa mezani ndivyo picha itakavyokuwa. Wengine humwondoa mwalimu kabisa, wakabakiza sauti yake na slaidi.

Linaonekana kuwa suala la fundi wa kamera. Ndani yake, hata hivyo, mna swali ambalo wanasaikolojia wamelichimba kwa karibu miaka 40: mikono ya mwalimu hufundisha, au hupamba tu? Afrika Mashariki ililazimika kulikabili Machi 2020, shule zilipofungwa Tanzania na Kenya kwa sababu ya korona na masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu. Mwalimu aliyezoea kutembea kati ya ubao na madawati alijikuta amesimama mbele ya lenzi, asijue mikono aiweke wapi.

Mjadala unaofuata umewekwa vinywani mwa watu watatu, kwa mtindo wa midahalo ya shule. Mwalimu wa hisabati wa sekondari anaiunga mkono hoja kwamba mikono ionekane. Mtayarishaji wa vipindi vya elimu anaipinga. Mwalimu wa wanafunzi viziwi anasikiliza kwanza, kisha anaingia. Watu hao ni wa kubuni. Tafiti wanazozitaja si za kubuni.

Mwalimu wa hisabati anaanzia ubaoni. Anaandika 4 + 3 + 6 = __ + 6. Watoto wa miaka 9 au 10, anasema, hukosea kwa njia mbili: wapo wanaojumlisha vya kushoto peke yake na kuandika 13, na wapo wanaojumlisha kila namba wanayoiona na kuandika 19. Jibu ni 7. Kujumlisha wanakujua, tatizo ni kwamba wanaisoma alama ya sawasawa kama amri ya kutoa jibu, wala hawaoni kuwa pande mbili zinatakiwa zilingane.

“Sasa nitazame,” anasema. Anaweka vidole viwili chini ya 4 na 3, kisha anapeleka kidole kimoja kwenye nafasi iliyo wazi. “Mdomo wangu utasema nataka upande huu ulingane na ule. Neno ‘jumlisha’ sijalitaja. Vidole ndivyo vilivyoonyesha njia.”

Mfano huo ameutoa kwenye kazi za Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago. Katika utafiti uliochapishwa 2009, yeye na wenzake waliwafundisha watoto ishara hiyo ya vidole viwili kabla ya somo. Wengine walifundishwa ishara sahihi, wengine ishara iliyokosea kidogo kwa kuelekezwa kwenye namba nyingine, na wengine hawakupewa ishara yoyote. Wote walitamka maneno yaleyale. Baada ya somo, waliotumia ishara sahihi walifanya vizuri kuliko wote, wakafuatiwa na wale wa ishara iliyokosea kidogo, na mwisho wale wasio na ishara. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine wa kundi hilohilo ulionyesha kwamba watoto waliotumia mikono walipokuwa wakijifunza walilikumbuka somo zaidi wiki nne baadaye kuliko waliotumia maneno peke yake.

Anaongeza jambo la zamani zaidi. Mwaka 1986, Breckinridge Church na Goldin-Meadow waliwapa watoto jaribio maarufu la maji yanayomiminwa kutoka glasi ndefu kwenda kwenye bakuli pana. Mtoto husema maji yamepungua “kwa sababu hii ni ndefu na hiyo ni fupi”, lakini mikono yake inaonyesha upana. Mdomo unazungumzia urefu, mkono umeshauona upana. Watoto ambao mikono yao ilipingana na maneno yao ndio waliokuwa tayari zaidi kufundishika. “Mwalimu aliye darasani huliona hilo,” anamalizia. “Mkono wa mtoto humwambia kuwa jibu liko njiani. Ukiiondoa mikono kwenye somo, umeondoa lugha nzima.”

Mtayarishaji hana papara. Anamshukuru mwalimu, kisha anamrudisha kwenye hali ya kazi yake.

“Mwalimu, hao watoto walikaa na mtu mmoja ana kwa ana, chumba kimetulia. Kipindi changu kitatazamwa kwenye simu yenye kioo cha ukubwa wa kiganja, na bando linabanwa mpaka picha inakwama. Mkono unaosogea ndicho kitu cha kwanza kuharibika mtandao ukipungua. Slaidi haikwami. Na kama ni mifano mikubwa, Salman Khan alianza kuweka masomo yake ya hisabati mtandaoni mwaka 2006 bila kuonyesha uso wala kiwiliwili. Kioo cheusi, mistari ya rangi na sauti. Mamilioni wamejifunza kwayo.”

Anatoa na takwimu. Mwaka 2014, Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Video fupi, zisizozidi dakika 6, zilishikilia watazamaji kuliko ndefu. Mihadhara iliyorekodiwa ukumbini kwa ubora wa juu na kukatwakatwa vipande baadaye, yenye profesa mzima na mikono yake yote, haikuwashika watu kama video zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya mtandao. Mwaka huohuo, René Kizilcec na wenzake walifuatilia macho ya wanafunzi waliotazama video yenye uso wa mwalimu pembeni. Macho yalikaa usoni kwa karibu asilimia 41 ya muda. Wanafunzi walisema wanaipenda zaidi video yenye uso, lakini walipopimwa wanakumbuka nini, tofauti ya maana haikuonekana. “Binadamu kwenye picha anapendeza,” anasema mtayarishaji. “Kupendeza ni jambo moja, kuelewesha ni jingine.”

Hapo mwalimu wa hisabati anaona mlango umeachwa wazi.

“Kaka, uchambuzi huohuo wa edX ulionyesha kitu ulichokiruka. Video za mtindo wa Khan, za mtu anayechora kwa kalamu huku anaeleza, ziliwashika watazamaji kuliko slaidi tupu. Kuchora ni nini kama si kazi ya mkono? Ule mstari unaokua kwenye kioo cheusi ni nyayo za mkono wa mwalimu. Na uchambuzi ule ulipima muda wa kutazama, haukupima kilichoingia kichwani.”

Kwa kilichoingia kichwani anataja kazi ya Logan Fiorella na Richard Mayer ya mwaka 2016. Walirekodi somo la fizikia kuhusu jinsi sauti ya king'ora inavyobadilika kinapokaribia na kinapoondoka. Video nyingine zilikuwa na michoro iliyokwisha kuchorwa. Nyingine zilimwonyesha mwalimu akichora. Faida ilionekana pale mkono wa mwalimu ulipoonekana ukichora, hasa kwa wanafunzi waliokuja na maarifa kidogo ya somo hilo. Kiwiliwili kizima hakikuhitajika. Mkono ulitosha.

Kisha anajibu shaka ya kwamba video si darasa. Kundi la Susan Wagner Cook lilichapisha 2017 utafiti uliotumia katuni ya kompyuta badala ya mwalimu. Sababu ya kutumia katuni ilikuwa ya kitaalamu: mwalimu wa kweli akitumia mikono hubadili pia sauti, macho na mwendo wake bila kujua, kwa hiyo huwezi kujua kilichosaidia ni kipi. Katuni inaweza kusema maneno yaleyale, kwa sauti ileile na macho yaleyale, mikono ikitumika au isipotumika. Watoto walioona katuni yenye ishara walijifunza mlinganyo vizuri zaidi.

Mtayarishaji anakubali kwamba huo ni ushahidi mzito. Analokataa ni soko lililojengwa juu yake. Kwenye semina za kuzungumza mbele ya watu, anasema, huwezi kumaliza asubuhi bila kuambiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Chanzo cha namba hiyo ni majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, aliyepima jinsi watu wanavyotambua kupendwa au kutopendwa kutokana na neno mojamoja, toni ya sauti na picha za uso. Somo la hisabati halikupimwa. Mikono hata haikuwemo. Halafu mwaka 2015 kampuni moja ya mafunzo ya Marekani ikatangaza kuwa wazungumzaji wa mihadhara ya TED waliotazamwa zaidi walitumia kwa wastani ishara 465 za mikono, na waliotazamwa kidogo 272. “Tangu hapo nimeletewa walimu wanaopunga mikono kama wanaelekeza ndege kutua,” anasema. “Hesabu ya watazamaji haimwambii mtu kama mwanafunzi ameelewa.”

Katika hilo pande mbili zinakutana, na mwalimu wa hisabati ndiye anayeongeza mafuta. Quintilianus, mwalimu wa ufasaha wa Roma ya karne ya kwanza, alitenga sehemu ndefu ya kitabu chake cha 11 kueleza mikono ya mzungumzaji, kidole kwa kidole. Pamoja na kuitukuza hivyo, alimwonya mzungumzaji asije akawa mchezaji wa maigizo: mkono ufuate maana ya hoja, usiigize kila neno.

“Basi tuseme ni lini unasaidia,” mtayarishaji anadai.

Jibu lenye mpangilio lilitolewa na Autumn Hostetter mwaka 2011, alipokusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuyapima kwa pamoja. Ishara zilisaidia uelewa kwa kiwango cha wastani, wala si kwa miujiza. Zilisaidia zaidi pale zilipohusu mwendo na umbo kuliko mambo ya dhahania. Zilisaidia zaidi pale mkono ulipobeba kitu kisichokuwemo kwenye maneno. Na zilisaidia watoto kuliko watu wazima. Kwa lugha ya darasani: mzunguko wa damu, makutano ya mistari, jinsi gia zinavyosukumana au fundo linavyofungwa vinahitaji mkono. Tarehe za mikutano na orodha ya vifungu vya sheria havina haja nao.

Mtayarishaji anaiweka karata yake ya mwisho mezani, na ameichukua kwenye kambi ya upande wa pili. Martha Alibali na Mitchell Nathan wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison wamechunguza kwa miaka mingi jinsi walimu wa hisabati wanavyotumia mikono kuunganisha mchoro na mlinganyo. Mwaka 2017 kundi lililowajumuisha wote wawili lilichapisha utafiti wa masomo ya video kuhusu grafu na milinganyo, na hitimisho likawa kwamba kuna wakati ni afadhali mwalimu aiweke mikono yake kando. Kuelekeza kidole mahali ambapo mwanafunzi angetazama hata bila kuelekezwa kunaweza kumwondoa pale alipohitaji kutazama.

“Zaidi ya hapo,” anaendelea, “Tanzania imeshafundisha watu wengi bila mikono kuonekana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikia karibu watu milioni mbili kwa redio. Nani aliona mkono wa mtangazaji?”

“Hakuna,” anajibu mwalimu. “Lakini redio haikuwa peke yake. Watu walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Kipindi kikiisha walijadiliana, wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mikono ilikuwepo, tena ya wanafunzi wenyewe. Video yako ya leo inamkuta mtoto peke yake na simu.”

Hapo ndipo mwalimu wa viziwi anapoomba nafasi. Amesikia wenzake wakitumia neno “ishara” kana kwamba ni kitu kimoja, naye anaanza kwa kutenganisha. Mikono inayosindikiza maneno haina kamusi wala sarufi. Kila mtu huitunga papo hapo. Lugha za alama zina vyote viwili, jambo ambalo William Stokoe alilidhihirisha kitaaluma mwaka 1960 kwa lugha ya alama ya Marekani. Katiba ya Kenya ya 2010 imeitambua Lugha ya Alama ya Kenya hata kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kwa hiyo mwalimu anayepunga mikono asidhani amemhudumia kiziwi.

“Tatizo la wanafunzi wangu ni macho,” anasema. “Anayesikia anaweza kutazama kidole chako huku masikio yanapokea maelezo. Kiziwi anatazama kidole au anamtazama mkalimani. Vyote kwa pamoja hawezi. Na mkalimani mwenyewe mmemweka kwenye kisanduku cha pembeni, vidole havisomeki. Mnapoelekeza, simameni kidogo. Mpeni mtoto nafasi macho yaende yakarudi.”

Anawageukia pia wasioona. Somo lililorekodiwa limejaa sentensi za aina ya “hii ukiitoa hapa ukaileta huku, unapata ile.” Kwa asiyeona sentensi hiyo haina kitu ndani. Kwa mwenye simu ya kioo kidogo, au aliyepakua sauti tu kuokoa bando, nayo haina kitu. Dawa yake haigharimu: taja jina la kitu unachokielekeza. “Hii sita ya kulia” inatosha.

Kuhusu wasioona, mwalimu wa hisabati anakumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la Nature. Watafiti Jana Iverson na Goldin-Meadow waligundua kwamba watu waliozaliwa vipofu, ambao hawajawahi kuona mtu akitumia mikono, hutumia mikono wanapozungumza, hata wanapozungumza na kipofu mwenzao.

Mtayarishaji anaudaka mfano huo: kama kipofu anamwonyesha kipofu mwenzake mikono, basi mikono ni ya msemaji, si ya msikilizaji. Ya nini basi kuipiga picha?

Swali zuri, na jibu lake linagawanya mambo mawili ambayo mjadala mzima ulikuwa umeyachanganya. Mwaka 2001, Goldin-Meadow na wenzake waliwapa watu orodha ya kukariri, wakawataka waeleze hesabu walizofanya, kisha wakawauliza ile orodha. Walioruhusiwa kutumia mikono wakati wa kueleza walikumbuka zaidi. Mikono ilikuwa imepunguza mzigo wa akili. Kwa hiyo kumwambia mwalimu aifiche mikono mapajani ili picha iwe nadhifu ni kumwongezea mzigo, na maelezo yake yanaweza kudhoofika. Mwalimu aruhusiwe kutumia mikono wakati wote. Kamera iamue ni lini inaionyesha.

Yapo mambo mawili ya utendaji ambayo tafiti hizo za kujifunza hazikuyabeba mabegani, lakini kila anayerekodi atakutana nayo. La kwanza ni kulia na kushoto. Mwalimu anayeitazama kamera akionyesha mstari wa namba kutoka kushoto kwake kwenda kulia, mtazamaji anauona ukienda kinyume: namba zinaongezeka kuelekea kushoto. Ubao wa kioo alioubuni Michael Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern hulitatua hilo kwa kuigeuza picha, mwalimu akiandika akiwa nyuma ya kioo. Asiye na ubao huo hana budi kufanya mazoezi ya kuonyesha kinyumenyume, au aigeuze picha wakati wa kuhariri, mradi nyuma yake hakuna maandishi. La pili ni adabu. Sotaro Kita na James Essegbey walieleza mwaka 2001 jinsi watu nchini Ghana wanavyouepuka mkono wa kushoto wanapoelekeza, hata kuuficha mgongoni, kwa kuwa kuutumia ni utovu wa heshima. Mswahili aliyefunzwa tangu utotoni kula, kupokea na kutoa kwa mkono wa kulia hahitaji kuelezwa zaidi. Ishara inayokwenda na pande mbili za mlinganyo, kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia, ni ya kufundishia na haina kosa. Kumwelekezea mtazamaji kidole cha kushoto usoni ni jambo jingine.

Ushahidi ukiwekwa pamoja, mtayarishaji ameshinda hoja mbili na mwalimu wa hisabati ameshinda mbili. Ni kweli kwamba mikono mingi haina maana ya kuwa somo ni zuri, na kwamba sehemu kubwa ya kipindi inaweza kwenda kwa slaidi na sauti bila hasara. Lakini pale penye umbo, mwendo, au vitu viwili vya kuunganishwa, kuukata mkono ni kukata sehemu ya maelezo. Na katika tafiti za Chicago za somo la mlinganyo, mkono uliosaidia ulikuwa wa mwanafunzi, ambao video haiwezi kuuona lakini inaweza kuuomba.

Kwa anayejiandaa kurekodi, kazi ianzie kwenye karatasi. Pitia maelezo yako na uweke alama pale ambapo mkono wako utasema kitu ambacho mdomo hausemi. Hapo picha ianzie kiunoni, simama, sogea pembeni ya maandishi, elekeza kwa utulivu, taja jina la unachokielekeza, kisha nyamaza kidogo. Kwingineko kote weka slaidi, au mchoro unaochorwa mbele ya mtazamaji. Na angalau mara moja katika kila kipindi mwambie mtoto anyanyue mikono yake afuate ishara yako kabla hujatoa jibu. Vituo vya televisheni na taasisi zinazotengeneza mitaala nazo zikikague kisanduku cha mkalimani wa lugha ya alama kwenye simu ya kawaida, si kwenye kioo kikubwa cha studio, na vidole visiposomeka kisanduku kikuzwe.